Bi Sentimita na Mto Ulioshuka

Nina hadithi hapa ambayo hamtaiamini, na wala siwalaumu. Mmezoea. Nikisema nimeona nyoka, mnaniuliza alikuwa na miguu mingapi. Niliwahi kuteremsha lori kutoka milimani, breki zimekatika, shehena ya mayai nyuma, nikafika mjini bila kupasua hata moja, hadi leo siwezi kukatiza mtaa bila mtu kunipigia kelele, "Mjomba, leo yalikuwa mangapi?"

Basi hii siyo yangu. Ni ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye hajawahi kutia chumvi kwenye maneno, na kwenye mboga pia anaitia kwa kusitasita. Ninaandikia kwenye meza yake, kwa kalamu yake, nyuma ya karatasi za kazini kwake zilizopitwa na wakati. Amenipa sharti moja tu: namba zote atazikagua yeye. Maneno yangu, namba zake.

Mtaani wanamwita Bi Sentimita.

Kazi yake ni kusoma mto. Cheka tu. Mimi nilicheka, nikamwuliza mto una kurasa ngapi, akanishika mkono hadi darajani akanionyesha. Kwenye nguzo ya daraja, na kwenye milingoti mitatu iliyopangwa kupanda ukingo kama ngazi, kumefungwa vibao vyeupe vya bati vyenye mistari myeusi, mfano wa rula ya mtoto wa shule iliyokuzwa. Maji yanagusa mstari, wewe unausoma, unaandika, unapiga simu ofisi ya maji. Saa moja asubuhi mara moja, saa kumi na moja jioni mara moja, kila siku ya Mungu, uwe mzima, uwe mgonjwa, uwe umefiwa.

Lakini ina ufundi wake. Husomi ukiwa umesimama. Unachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, la sivyo namba inakudanganya. Kukiwa na mawimbi unasubiri, unatazama yanapanda hadi wapi na kushuka hadi wapi, unachukua katikati. Halafu unaandika pale pale, miguu bado imelowa. Mtangulizi wake, bwana mmoja mwenye tumbo lake la heshima, alikuwa akiandika za wiki nzima Jumatatu asubuhi, kitandani. Alikamatwa pale alipoandika kwamba mto umepanda sentimita nne, katika wiki ambayo vibao vyote vilikuwa vimeng'olewa viko stoo vinapakwa rangi.

Mpwa wangu alipochukua kazi hiyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ameolewa mwaka uliotangulia na fundi baiskeli wa mtaa wa chini. Huyo fundi ndiye aliyempa jina la Bi Sentimita. Alikuwa mtu wa maneno, mcheshi, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, na mimi naye tulikuwa tukikaa mbele ya karakana yake tunashindana uongo. Mkewe akipita na kitabu chake, fundi anamwita, "Bi Sentimita! Hebu mpime mjomba wako huyu, maana leo amefurika!"

Walikaa na mama yake fundi, mjane, mshona sare za shule. Sasa naye ni marehemu, Mungu amrehemu, lakini siku hizo cherehani yake ilikuwa barazani na mguu wake haukutulia toka asubuhi hadi jua linazama. Kila mpwa wangu aliporudi kutoka darajani, yule mama aliuliza bila kuinua uso kwenye kitambaa:

"Mto umeamkaje, mwanangu?"

"Moja nukta sifuri nane, mama."

"Haya. Chai iko kwenye chupa."

Ndivyo walivyosalimiana, asubuhi kwa asubuhi, miaka kumi na minane. Mnaweza kudhani ni mazungumzo makavu. Mimi nimekaa kwenye nyumba nyingi ambako watu wanaitana mpenzi na roho yangu, na sijasikia salamu iliyokuwa na mapenzi kuliko hiyo.

Sasa niwaeleze kuhusu mto wenyewe, maana shule niliishia darasa la tano lakini hili nililishuhudia kwa macho yangu. Mwaka ule wa kwanza mhandisi wa ofisi ya maji alikuja kumfundisha mpwa wangu, kijana mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Alipoona hatuelewi maneno yake ya vitabuni, akaomba mlango mbovu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaulaza uani kwa mteremko, akaujaza mchanga wa fundi mwashi, kisha akaomba birika.

Akamimina maji juu, taratibu. Yakashuka yamenyooka, kama kidole. Akaendelea kumimina. Polepole ule mto mdogo ukaanza kujipinda, kona huku, kona kule, ukaiacha njia yake ya kwanza ikabaki mfereji mkavu pembeni.

"Angalieni kona," akasema. "Upande wa nje maji yanakimbia, yanakula ukingo. Upande wa ndani yanatembea, na yakichoka yanatua mzigo."

"Mzigo gani?" fundi akauliza.

"Udongo. Mto ni hamali, bwana. Unabeba milima kidogo kidogo kuipeleka baharini, ila hauwezi yote kwa safari moja. Huku unakula ukingo wa watu, kule unajenga uwanja. Hili bonde lote mnalolima limejengwa hivyo. Hakuna hatua mnayokanyaga hapa ambayo mto haujawahi kuilalia."

"Na kufurika?"

Mhandisi akachukua konzi ya mchanga akaitupa kwenye maji kule juu, na papo hapo akainamisha birika zaidi. "Milimani wamekata miti. Mvua ikinyesha ardhi hainywi, yote inateremka kwa mpigo na udongo wake. Udongo ukifika huku tambarare unatua, kitanda cha mto kinajaa. Halafu maji mengi zaidi yanakuja kulala kwenye kitanda kilichokwisha kuwa kifupi."

"Yanaanguka," fundi akasema.

"Yanaanguka."

Na kweli, ule mto mdogo ukavimba, ukaila kona ya juu, ukaipasua, ukatumbukia kwenye ule mfereji wa mwanzo uliokuwa umeachwa.

"Huyo!" fundi akapiga makofi. "Karudi kwao!"

Tulicheka sana. Yule mama akachukua birika lake akaenda kupika chai. Mpwa wangu peke yake alibaki amechuchumaa, kama kawaida yake, anatazama sehemu ya chini ya ule mto mdogo, chini ya pale ulipopasuka, pale ambapo kama lingekuwa bonde la kweli daraja lingekuwepo. Ilikuwa imekauka. Aliiona. Ananiambia hadi leo: "Mjomba, niliiona ikikauka."

Kitu kingine kilikuwepo chini ya pua zetu. Fundi alipochimba choo nyuma ya karakana alikuta mawe ya mviringo, laini kama mayai, kwenda chini mpaka alipochoka. Aliyafurahia. Akiziba pancha anapaka gundi, anaweka kiraka, juu yake anatuliza jiwe moja mpaka kikauke. Karakana nzima ilijaa mawe hayo. Ni mawe ya mto, na mto ulikuwa hatua elfu moja kutoka pale (naambiwa niandike hatua mia tatu na arobaini). Hakuna aliyejiuliza yalifikaje. Mtaa wa chini wote umekaa kwenye bonde dogo lenye umbo la mundu, udongo wake mweusi mzuri, ukitupa mbegu inaota kabla hujafuta mkono. Sisi tulidhani ni bahati.

Haya. Mvua ya siku tatu.

Siku ya tatu asubuhi, saa moja, mto ulisoma tatu nukta moja mbili. Sheria ya ofisi ilikuwa hivi: ukifika tatu nukta nane, msomaji anapiga ringi. Ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini karibu na daraja. Mimi ndiye niliyeitoa, toka kwenye lori langu lile lile la mayai. Watu wa mtaa wa chini wakiisikia wanapanda shuleni, ambako ni juu. Saa tatu ilikuwa tatu nukta sita. Saa nne ikagusa nane, mpwa wangu akaitandika ile ringi kwa nondo mpaka mkono ukafa ganzi. Watu wakapanda. Mama mkwe akapanda, fundi akapanda, mimi nilikuwa nimetangulia kitambo, hilo sifichi.

Saa sita, tatu nukta tisa moja. Hapo akawa anasoma kila nusu saa, mvua inampiga mgongoni. Saa saba, tatu nukta saba nne. Akadhani amekosea. Akachuchumaa tena, maji mpaka kiunoni, akangoja mawimbi, akachukua katikati. Saba nne. Saa saba na nusu, nne tisa. Saa nane, tatu nukta mbili kamili.

Akapiga simu ofisini. "Unashuka," akasema. "Lakini mvua bado ipo."

"Umeshuka kiasi gani?"

"Sabini na moja."

"Kitabu kinasema ukishuka nusu mita waruhusu warudi."

"Najua kinavyosema. Ndiyo maana nimepiga."

"Basi waruhusu, mama. Wako watoto pale wanatetemeka na baridi."

Akapanda shuleni na kipaza sauti. Alitangaza alichokisoma: maji yamepungua sentimita sabini na moja. Hakusema rudini. Hakuhitaji kusema. Kila mtu alikuwa ameacha kitu.

Fundi aliacha baiskeli kumi na moja za watu, zimepinduliwa matairi juu. Alimsogelea mkewe, namkumbuka, kofia yake imegeuzwa nyuma, maji yanamchuruzika puani.

"Sabini na moja za uhakika," akamwuliza, "au za mjomba wako?"

"Za uhakika."

"Basi ngoja nikatoe baiskeli za watu."

Akanikonyeza. Akashuka. Wakashuka na wengine wanane.

Mimi nimelitafuna jambo hilo miaka yote hii. Ningekuwa mimi niliyesema yamepungua, angenicheka akakaa. Alikwenda kwa sababu aliyesema ni mtu asiyekosea.

Maji yalikuja kabla ya saa tisa, na hayakutoka mtoni. Hicho ndicho mtu ambaye hakuwepo haelewi. Watu waliokuwa kule chini walikuwa wanautazama mto, wanauona umetulia, wanaendelea na shughuli zao. Yalikuja kutoka mashambani, mgongoni kwao, toka upande ambao haujawahi kuwa na maji, ya rangi ya kahawa, yamebeba magogo na uzio wa watu. Sisi juu tulipiga kelele. Tulipiga kelele wote, mia ngapi sijui, na mvua ile juu ya bati la shule ilituzidi sauti.

Walikufa watu sita. Watatu waliwahi paa. Fundi alionekana mara ya mwisho mlangoni mwa karakana, ana baiskeli begani.

Wiki mbili baadaye ofisi ya maji ilituma wakaguzi. Walikifungua kitabu chake kwenye meza hii hii. Walipitisha kidole mstari kwa mstari, wakausifia mwandiko. Mwishoni wakaandika: usomaji sahihi. Wakapiga muhuri. Mpwa wangu alikuwa amekaa pale, mikono mapajani, anangoja wamwambie kosa lake ni lipi ili alishike, na wao wakamshukuru kwa kazi nzuri.

Yule mhandisi, ambaye sasa ana mvi na miwani mipya, ndiye aliyempeleka kuona. Walitembea kupanda mto hadi kona ya juu. Ukingo wa nje ulikuwa umeliwa wima kama kipande cha mkate, mizizi inaning'inia. Mto ulikuwa umeila kona ile miaka na miaka, siku ile ukamaliza. Kutoka pale ulikuwa umelala mkondo mpana wa mchanga na mawe ya mviringo, umekata mashamba, umezunguka kama mundu, umeingia moja kwa moja mtaa wa chini.

"Ulipokuwa unashuka darajani," mhandisi akamwambia, "haukuwa unapungua. Ulikuwa umeshaondoka. Saa mbili nzima ulikuwa unajaza mashamba, ndipo ukafika kwenu."

"Namba inashuka huku mvua inanyesha," akasema. "Ningejua."

"Hakuna aliyekufundisha hilo. Kwenye kitabu halimo."

"Ulinifundisha wewe. Kwa birika."

Mhandisi alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Nyumbani, mama mkwe hakumfukuza. Nataka hilo lieleweke, maana watu walisema mengi. Hakumtukana, hakumnyima sahani. Aliendelea kushona sare. Siku ya kwanza baada ya matanga mpwa wangu alitoka darajani saa moja na robo, akasimama barazani kama alivyozoea, kitabu mkononi, akangoja kuulizwa. Cherehani ilikwenda. Akangoja mpaka mshono ukaisha na uzi ukakatwa. Yule mama akachukua kitambaa kingine.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya mia. Miaka minne, mto uliamka kila asubuhi na hakuna aliyeuliza umeamkaje. Walizungumza mengine, sabuni imekwisha, funga dirisha, yule mgeni amekuja. Hilo moja halikurudi. Na mpwa wangu hakutaka kingine chochote duniani. Tulimletea habari za mwanamume mmoja mzuri, mwenye duka la vifaa. Akatusikiliza kwa adabu kisha akaenda kuchuchumaa darajani. Alibaki na jiwe moja la karakana. Lipo hapa mezani mbele yangu, linashikilia karatasi zisipeperuke.

Mnauliza kwa nini watu walijenga tena mtaa wa chini. Nami nawauliza, wangejenga wapi? Ofisi iliziba ile kona kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, mto ukarudi njia ya daraja, udongo mpya ulioletwa na mafuriko ukaotesha mboga kama una wazimu. Baada ya mwaka mabati yakaanza kung'aa tena. Mama mkwe alibaki kwenye baraza ile ile. "Kama ni kunichukua," alisema, "unajua nilipo."

Mwaka wa nne mvua ikaja tena, safari hii siku mbili tu. Saa tano asubuhi mto ulisoma tatu nukta sita nne. Bado haujafika nane, hakuna ringi. Saa tano na nusu, sita nne vile vile. Saa sita, tatu nukta nne tisa.

Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa. Sentimita kumi na tano. Mvua ilikuwa inamwagika kama imepasuka. Alipiga simu ofisini ikaita tu, akairudisha mfukoni. Kwa sheria alitakiwa aandike, aende akale. Mto haujafika kiwango cha kupiga ringi, na tena unashuka. Akipiga na kusitokee kitu, kazi imeota nyasi, na mtaa hautamsikiliza tena maisha. Asipopiga, anakijua kitakachotokea kwa jina na kwa sura.

Akaichukua nondo.

Watu wa mtaa wa chini walitoka milangoni. Akaja mbio kati yao, kipaza sauti kimelowa kinakoroma, akakitupa.

"Pandeni! Pandeni shuleni!"

"Umefika ngapi?" akauliza muuza mkaa, mtu mnene aliyekuwa mmoja wa wale watatu wa paani.

"Tatu nukta nne tisa. Unashuka."

"Unashuka?"

"Umeshuka kumi na tano ndani ya nusu saa."

Muuza mkaa akamtazama kama mtu anayetazama mwendawazimu wa kwao. "Mara ile mto ulishuka, wewe ukatuambia tushuke. Leo unashuka, wewe unatuambia tupande. Bi Sentimita, hebu tueleze, mto ufanye nini ili sisi tukae?"

Kuna waliocheka. Kuna mwanamke aliyesema, "Mwacheni, tangu afiwe kichwa hakijatulia." Na mpwa wangu, anayejua kutaja namba tu, alisimama kwenye tope, mvua inampiga usoni.

"Mara ile nilisoma mto," akasema. "Sikusoma mvua. Niliona na sikuelewa. Tafadhali."

Hakuna aliyesogea. Milango ikaanza kufungwa.

Hapo ndipo cherehani ilipokoma. Mtaa mzima ulisikia, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeizoea kuliko mvua. Yule mama akainuka barazani, mgongo umejikunja, akamtazama mkwewe.

"Mto umeamkaje, mwanangu?"

Mpwa wangu alishika nguzo ya baraza. "Tatu nukta nne tisa, mama. Unashuka, na mvua haijakata."

"Kama siku ile?"

"Kama siku ile."

Yule mama akageuka, akafungua skrubu mbili, akanyanyua kichwa cha cherehani akakitia kwenye beseni, akafunika kwa sare za watoto wa watu, akajitwika.  Akaanza kupanda mlima.

Niambieni, nani angebaki? Mama wa marehemu, na miguu ile, na chuma kile kichwani, anapanda mwenyewe kwa neno la yule yule. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kumfuata. Alitaka kumpokea beseni akakataliwa. Kisha mlango baada ya mlango. Watu elfu mbili walipanda siku ile — mia mbili na kumi na wawili, aliwahesabu getini mwa shule kwa kugusa mabega — na wa mwisho hajafika juu maji yakatokea mashambani.

Yalikuja vile vile. Rangi ile ile, sauti ile ile, njia ile ile kama mundu. Yale mawe ya nyavu za waya hayakuyachelewesha hata kidogo. Tulisimama uwanjani mwa shule tukayatazama yakiingia mlango kwa mlango kama mtoza kodi, yakafika karakana, yakafika baraza, yakaibeba meza ya cherehani na miguu yake yote minne juu. Hakufa mtu. Hakuumia hata kuku.

Sasa tulieni, maana mwisho wake ndio mtamu. Pale pale uwanjani, mbele ya umati ule, yule mama alitua beseni lake, akageuka. Miaka minne! Akafungua mikono yote miwili, akamkumbatia mpwa wangu, akamwambia kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia, "Mwanangu, nimekusamehe, na yeye huko aliko amekusamehe," na mbingu zikafunguka saa ile ile, jua likatoka, na wanaume wazima wakalia machozi yakatiririka mpaka —

"Mjomba."

Yuko nyuma yangu. Viatu vyake vya mpira vinadondosha maji sakafuni. Katoka darajani sasa hivi.

"Namba nimezikagua," anasema. "Ziko sawa. Hiyo siyo."

"Kidogo tu, mpwa wangu. Watu wamesoma mpaka hapa, tuwape chochote waende nacho nyumbani."

"Hakunikumbatia. Hakulitua beseni. Aliyatazama maji yakiingia karakana, akawatazama watu wote wamesimama, wazima, akasema, 'Kumbe ilikuwa rahisi hivi.'"

Naweka kalamu chini. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kuongeza.

Yeye anasogeza lile jiwe pembeni, anachuchumaa kando ya meza mpaka jicho lake linalingana na karatasi.

"Andika hivyo," anasema. "Na jua halikutoka."